Kuvua

Duka letu lipo Makoroboi, mlango wa bluu,
kati ya muuza vitenge na fundi saa.
Babu alianza na bati, akitengeneza vibatari;
baba akapanda hadi fedha;
mimi nimefika kwenye dhahabu, ya watu,
inayopita mkononi ingali na jasho la wenyewe.

Bugando wananijua.
Simu ikiita kabla hakujapambazuka
nachukua kipande cha sabuni, uzi wa kushonea,
na msumeno mdogo niliouzungushia kitambaa.
Maji huvimbisha kidole. Pete haivimbi.
Najaribu sabuni kwanza. Kisha uzi.
Msumeno naufungua nikiwa nimeishiwa maneno.

Waliosema chanda chema huvikwa pete
hawakusema ni nani huivua.

Droo ya chini kuna bruchi:
mke wa bwana wa jineri ya pamba
aliiweka rehani kwa babu, hakurudi kuikomboa.
Jiwe jeusi kama jicho la sato,
nyoka wa fedha akiuma mkia wake mwenyewe,
na nyuma, chini ya kioo, nywele za mtoto
zimesukwa nyembamba kuliko utambi.
Nilipokuwa mdogo sikuthubutu kuigeuza.
Kwetu nywele za msiba hunyolewa.
Za bibi Mbula zilifukiwa nyuma ya zizi,
akabaki na ushanga mmoja mweupe shingoni
na upara uliong'aa juani siku nzima.
Wao kumbe walizifungia, wakazivaa kifuani,
wakaenda nazo kanisani na sokoni.
Nani kati yetu alijua kulia zaidi, sijui.

Na jirani yangu Mwanaidi, eda ilipomkuta,
alivua vipuli, bangili, hata kikuku,
akavitia kwenye kopo la siagi, akafunga kifuniko.
Miezi minne na siku kumi.
Asubuhi alipitisha njiti ya ufagio masikioni
matundu yasizibe.
Ile njiti, naapa, ndiyo kipuli cha msiba
kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Ziwa hili nalo walilivisha.
Walilipa jina la malkia wa mbali
kabla hajafiwa; baadaye akafiwa,
akavaa nyeusi miaka arobaini, hadi kaburini.
Sisi tuliliita Nyanza, na Nyanza halivai cha mtu.
Nyanza huvua.
Lugha yetu haikutaka kutuficha:
mvuvi anavua, mjane anavua, mimi navua,
na ziwa, likipata usiku wake, linatuvua sisi.

Jumanne alikuja Ng'wasi.
Pete ya Luhende ilikuwa kwenye bahasha ya hospitali,
imekatwa pale nilipoikata mimi.
Nikavuta kiti. Nikawasha moto, nikatafuta lehemu,
nikamwambia, itaunganika, hutaona hata kovu.
Akaweka kiganja kati ya pete na moto.

"Usiunge."

Itakukwaruza, mama.
"Najua."
Nikachukua tupa, angalau nilainishe ncha.
"Moja tu," alisema. "Nyingine iache."

Akaivaa palepale, kidole cha kati, maana ilimpwaya.
Ilikamata uzi wa kitenge chake kabla hajafika mlangoni.
Akasimama, akauchomoa taratibu,
kama mtu anayeng'oa mwiba kwenye mguu wa mtoto,
akatabasamu kidogo, si kwangu.
Itamkamata akinawa. Itamkamata akisonga ugali.
Nilimwambia hakuna kazi niliyofanya.
Aliacha elfu mbili chini ya mizani.

Kila Ijumaa nafagia meza kwa brashi ya manyoya.
Vumbi la dhahabu ni mali, hukusanywa, huyeyushwa,
mwisho wa mwaka linalipa kodi ya pango.
Ijumaa hii nimefagia meza.
Meno ya msumeno sijayagusa.